Chura wa Kihansi nimemuona Bronx, nyumbani sijawahi

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee wale vyura wa Kihansi, kule kwenye bwawa la umeme milima ya Udzungwa, maana kila ikija habari ya umeme lazima atokee mtu aseme hela za nchi zimeliwa na vyura, na mimi nikisoma hivyo naumia kwakweli.

Mimi ni mzaliwa wa Mlimba, pale kwenye reli ya Tazara, milima ya Udzungwa nimekua naiona kila nikiamka lakini huyo chura sikuwahi kumuona hata siku moja. Nimekuja kumuona New York, miaka michache iliyopita nilimpeleka mwanangu zuu ya Bronx, yeye alikuwa anataka nyoka, tukaingia kwenye nyumba ya nyoka na mijusi, tukakuta sanduku la kioo limejaa manyunyu, majani yanadondosha maji, tukaangalia weee hatuoni kitu, mara jani likatikisika, kumbe kuna kachura ka manjano kamekaa juu yake, kenyewe kanaenea kwenye ukucha wa kidole gumba! Na pembeni kulikuwa na katoto keusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwanangu akasoma kibao akaniambia baba hawa si wa kwenu? Nikakosa la kumjibu pale pale.

Usiku ule nilikesha nasoma. Hawa vyura wataalamu waliwakuta mwaka 1996 tu, na duniani kote walikuwa wanaishi sehemu moja, pale korongoni chini ya maporomoko ya mto Kihansi, eneo la kama hekta 2 linalolowa manyunyu saa zote. Halafu hawatagi mayai majini kama vyura wengine, hakuna viluwiluwi, mama anazaa watoto ambao tayari ni vyura kamili. Bwawa la umeme la mto huo lilipoanza kazi 2000 maji karibu yote yakaenda kwenye mitambo, ni megawati 180 zile na mimi sisemi zisingejengwa, umeme tuliuhitaji na tunauhitaji. Ila manyunyu yakakauka. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia na vyura wakaanza kuongezeka tena, kufika 2003 wakapukutika ghafla, kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote akakutwa mle korongoni, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena hata mmoja.

Kilichotuokoa ni kwamba mwishoni mwa 2000 serikali yetu ilikubali vyura 499 wapelekwe Marekani wakatunzwe kwenye mazuu, na hapa ndipo watu hawajui kazi iliyofanyika. Walikufa wengi sana jamani. Miaka michache tu wakawa hawafiki hata mia, mazuu mengine yakaishiwa kabisa wakabaki Bronx na Toledo huko Ohio. Wale wahudumu ikabidi wajifunze upya kila kitu, maji yachujwe vipi, taa ziwe na mionzi kama ya jua kiasi gani, wadudu wadogo kabisa wafugwe wa aina aina na wapakwe unga wa vitamini kabla ya kuwalisha, mtu anatumia siku yake nzima anahesabu watoto wa chura wa milimita 5! Na wakaongezeka mpaka Agosti 2010 vyura 100 wakapanda ndege kurudi Dar, wakapokelewa chuo kikuu kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili yao, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Sasa ombi langu mhariri. Sabasaba watu wanapanga foleni banda la maliasili kuangalia simba, na simba yupo nchi kibao. Kwanini pasiwekwe na kisanduku kimoja cha vyura wa Kihansi, na manyunyu yake na taa zake, watoto wa Temeke na Mbagala wamuone chura ambaye asili yake ni Tanzania peke yake? Najua kuna hofu ya kuvu na ni hofu ya kweli, basi wachukuliwe wachache wa pale chuo kikuu ambao hawatapelekwa tena Kihansi, wawekwe nyuma ya kioo, mtu asiguse. Makumbusho ya Taifa pia wangeweza, tena wao wangewaweka mwaka mzima.

Na wewe mhariri ukipata nafasi tuma mwandishi akaongee na vijana wetu wanaowalisha hao vyura kila siku pale Dar na kule Kihansi, aandike wanaamka saa ngapi, wadudu wanawafugaje, umeme ukikatika wanafanyaje, maana wa Bronx nimesoma habari zao nyingi ila wa kwetu sijaona.

Mzaliwa wa Mlimba,
Bronx, New York