Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu, kina mama, vijana, na ninyi nyote mliolipa ada pamoja na wale ambao bado mnatafakari,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na heri ya mwaka mpya.

Katiba ya chama chetu cha mashabiki wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox inamtaka mwenyekiti aeleze mafanikio na changamoto za mwaka, kwa utaratibu huo. Naomba ruhusa ya mkutano nianze na changamoto, maana nikianza na mafanikio nitamaliza kabla chai haijachemka.

Msimu wa 2024 timu yetu ilicheza michezo 162, ikashinda 41 na kufungwa 121. Tangu mwaka 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyofungwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Rekodi ilikuwa ya New York Mets ya mwaka 1962, vipigo 120, na ile angalau ilikuwa na udhuru: ilianzishwa mwaka huohuo, wachezaji wa kuokoteza. Sisi tuna vikombe vitatu vya World Series, yaani ubingwa wa ligi kuu, 1906, 1917 na 2005. Juzi tu, mwaka 2021, tulishinda michezo 93 na kutwaa ubingwa wa kanda. Mwaka uliofuata 81, halafu 61, sasa 41. Ndugu Katibu ameniomba nisiuendeleze mfululizo huo hadharani, nami namheshimu.

Msimu ulivyokwenda

Machi 28, siku ya ufunguzi, Detroit walikuja nyumbani kwetu wakatufunga 1–0. Mrushaji wetu Garrett Crochet alirusha vizuri, wapigaji wetu hawakupiga kitu. Ungeweza kuzima televisheni siku ile usiiwashe tena hadi Oktoba na usingepitwa na jambo. Baada ya michezo 25 tulikuwa tumeshinda 3.

Naomba nikae kidogo kwenye mchezo wa Mei 23 dhidi ya Baltimore, kwa sababu ubishi wake bado unaendelea na kuna wanachama hawasalimiani. Inningi ya tisa, yaani awamu ya mwisho, tuko nyuma 8–6, tumeshatolewa mmoja kati ya watatu wanaomaliza zamu, wakimbiaji wetu wawili wako kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia. Andrew Benintendi akapiga mpira ukapaa wima, juu ya uwanja wa ndani. Kanuni iko wazi: mpira wa namna hiyo mpigaji ametoka papo hapo, udakwe usidakwe, ili walinzi wasiuangushe makusudi wakapata kuwatoa wawili. Hadi hapo hakuna neno. Lakini Andrew Vaughn, aliyekuwa akirudi zake besi ya pili huku akiutazama mpira angani, alijikuta njiani mwa mlinzi Gunnar Henderson. Henderson akampita, akaudaka mpira bila taabu. Mwamuzi akanyoosha mkono: Vaughn amemzuia mlinzi, naye ametoka. Wawili kwa mpigo mmoja, mchezo umekwisha, watu wamebaki wamesimama na vikombe mkononi wakiulizana. Mzee mmoja wetu aliyezoea soka aliniuliza hii ni kuotea ya aina gani. Baadaye zilitoka habari kwamba ligi yenyewe iliiambia klabu kuwa mwamuzi alikuwa na hiari, hakulazimika kutoa uamuzi ule.

Sawa, tulionewa. Lakini wapo wanachama ambao tangu siku ile wanasema waamuzi ndio waliotumaliza, na hapo natofautiana nao. Timu iliyopata mbio (ndizo pointi zetu) 507 kwa msimu mzima, chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi, na kufungwa mbio 813, haikumalizwa na mwamuzi. Tulijimaliza.

Kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 tulifungwa michezo 21 mfululizo, tukalingana na rekodi ya American League, nusu yetu ya ligi kuu, iliyowekwa na Baltimore mwaka 1988. Nuksi ilikatikia Oakland, Agosti 6, tuliposhinda 5–1. Siku mbili baadaye wakamtimua meneja Pedro Grifol. Waliustahimili uongozi wake kwa vipigo 21 mfululizo, kisha wakakumbuka kumfukuza baada ya ushindi. Grady Sizemore akakaimu hadi mwisho, na sina la kumlaumu, maana alikabidhiwa kikosi ambacho mwishoni mwa Julai kilishauzwa nusu: Erick Fedde, Michael Kopech, Eloy Jiménez, wote wamekwenda.

Wiki ya mwisho ya Septemba ndiyo iliyonitia simanzi zaidi, ingawa ndiyo tuliyoshinda. Tulikuwa tumefika kipigo cha 120 kule San Diego, tukarudi nyumbani kucheza na Los Angeles Angels. Kuna watu walikata tiketi waje kushuhudia cha 121, wapate kuwasimulia wajukuu. Jukwaa likaimba kumtaka mwenye timu aiuze. Nao vijana, kwa ukaidi tu, wakashinda michezo yote mitatu, ya kwanza wakitokea nyuma 2–0 katika inningi ya nane. Nilisimama nikashangilia kama wengine, halafu nikajiuliza moyo huo ulikuwa umefichwa wapi tangu Aprili. Rekodi mbaya ikavunjwa Septemba 27 huko Detroit, usiku ambao wenyeji wetu walikata tiketi ya mchujo mbele ya macho yetu.

Ofisi ya juu

Jerry Reinsdorf anaimiliki timu hii tangu 1981. Kombe la 2005 lilipatikana chini yake, likakata kiu ya miaka 88, na waliokuwepo hawatamnyima shukrani hiyo. Lakini mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ni dola milioni 75 kwa miaka mitano, wa huyohuyo Benintendi. Mwezi uliopita Mets wamempa mchezaji Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15. Sidai tungemchukua Soto. Nasema tulikuwa tunatazama mnada ule kama mpita njia anayechungulia harusi dirishani.

Februari 2024, kabla msimu haujaanza, mwenye timu alikwenda Springfield, makao makuu ya jimbo, kuzungumza na wabunge wa jimbo habari za uwanja mpya kusini mwa katikati ya jiji, kwa msaada wa fedha za umma. Huu tulio nao umejengwa kwa fedha za umma pia, ukafunguliwa 1991. Mimi ni mlipa kodi wa jimbo hili kama ninyi. Kamati ya Utendaji haina msimamo rasmi juu ya uwanja mpya. Mwenyekiti anao, na umekwishauona usoni mwangu. Kitu kilichosifiwa zaidi pale uwanjani mwaka jana kilikuwa kinywaji cha aiskrimu chenye chokoleti na vipeto vya sukari vilivyochomwa. Kiliisha kila mara. Wachezaji hawakuisha haraka namna hiyo.

Tumefungwa bure

Hapa ndipo penye kiini cha taarifa yangu, na naomba vijana walioko nyuma waache simu.

Wengi wenu mlinifariji mwaka mzima kwa maneno haya: Mwenyekiti, vumilia, anayeshika mkia ndiye anayechagua kwanza chipukizi wa vyuo na sekondari. Kwa kawaida ndivyo ilivyo, au karibu na hivyo. Siku hizi kuna bahati nasibu, na timu dhaifu zaidi zina nafasi kubwa zaidi ya kuchota namba moja. Ila kuna kifungu: klabu ya soko kubwa isiyopokea mgawo wa mapato ya ligi hairuhusiwi kuingia bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. Chicago ni soko kubwa. Mwaka 2024 tulikwishapata nafasi ya tano, tukamchukua mrushaji Hagen Smith kutoka Arkansas. Kwa hiyo bahati nasibu ilipochezeshwa Desemba huko Dallas, sisi wa vipigo 121 hatukuwa na kura. Namba moja wameipata Washington, walioshinda michezo 71. Sisi tutachagua wa kumi.

Ndiyo maana nawaambia msimu ule haukuwa hata akiba. Tumeumia na hatukulipwa. Mwanachama yeyote atakayesimama leo kusema tulifungwa kwa mpango, na mpango unaiva, aonyeshe huo mpango uko ukurasa gani.

Kwa kuwa njia hiyo imefungwa, matumaini yote yamehamia kwenye mauzo ya Crochet. Nalitaja jina lake kwa uchungu. Kijana alianza michezo 32 na kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani wakashindwa kuupiga mpira wake, ndani ya inningi 146. Alikuwa sababu pekee ya baadhi yetu kukata tiketi. Desemba 11 wakampeleka Boston. Tumepata vijana wanne: Kyle Teel, mdakaji anayepokea mipira ya mrushaji, aliyechaguliwa wa 14 mwaka 2023, Braden Montgomery, mchezaji wa uwanja wa nje aliyechaguliwa wa 12 mwaka jana akiwa na kifundo cha mguu kilichovunjika, Chase Meidroth, ambaye hana nguvu ya kutisha lakini ana jicho na subira, anafika besi ya kwanza kila mara, na mrushaji Wikelman González kutoka Venezuela.

Nimekaa na wajuzi wa chama hiki, tumebishana hadi usiku. Maoni yangu ni kwamba biashara ile ni nzuri, na Teel ndiye kiungo chake. Timu isiyo na mdakaji wa kudumu haina mtu wa kuongea na warushaji vijana, na warushaji vijana ndio mali pekee tuliyobakiwa nayo. Smith anarusha kwa mkono wa kushoto. Noah Schultz naye ni wa kushoto, mtoto wa Oswego, hapahapa Illinois, ana urefu wa futi 6 na inchi 9. Mpigaji anapomtazama anaona mpira unatoka mawinguni. Schultz alikuwa Birmingham, Alabama, na timu yetu ya vijana kule, Barons, imetwaa ubingwa wa Southern League mwaka uleule wa aibu. Mlioniuliza mafanikio yako wapi, hayo hapo.

Meneja mpya ni Will Venable, aliyetoka Texas Rangers, alikokuwa msaidizi wa meneja Bruce Bochy walipotwaa ubingwa wa 2023. Usajili mwingine wa dirisha hili ni wa bei nafuu: Mike Tauchman, kijana wa Palatine, na wengine wa mikataba ya mwaka mmoja. Sitawadanganya kwamba wamekuja kuchukua kombe. Wamekuja kushikilia nafasi mpaka Teel na Schultz wawe tayari. Tukishinda michezo 60 mwaka huu mimi nitachinja.

Mambo ya chama

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, nisimwingilie. Niseme tu kwamba ada zililipwa vizuri hadi Juni, na Julai zikakatika pamoja na ushindi.

Kuhusu nidhamu. Wengi wetu tunakaa Rogers Park, na kwenda uwanjani ni kupanda treni ya Laini Nyekundu pale Howard, kupita kituo cha Addison, mlangoni mwa Cubs, timu ile nyingine ya jiji letu, hadi kituo chetu cha Sox-35th. Najua mwaka jana kupita Addison na jezi yetu nyeusi kulihitaji kifua. Najua pia kwamba wapo walioshuka Addison. Nililetewa picha za wanachama watatu wakila mahindi Wrigley Field, uwanja wa Cubs, wakiwa na kofia za bluu. Picha hizo nimezifuta. Wahusika wanajijua, na ada zao za 2025 tunazisubiri kwa hamu kuliko za wengine.

Azimio linaloletwa mbele yenu na Kamati ya Utendaji ni hili. Chama kisinunue vitabu vya tiketi za msimu mzima kama tulivyozoea. Tununue tiketi za ufunguzi Machi 27, dhidi ya Angels, kwa sababu ufunguzi ni ufunguzi hata theluji ikianguka, na tutabeba chupa za chai. Fedha zinazobaki tuziweke hadi siku Schultz au Teel atakapopandishwa ligi kuu. Siku hiyo twende wote na watoto wetu, tukodi basi. Kama mwenye timu anataka pesa yetu, mlango wa kuipitia ni vijana hao.

Makamu Mwenyekiti anapinga, anataka tusubiri bei zishuke mwezi Mei, na atapewa nafasi ya kujieleza baada yangu. Dakika tano, Ndugu Makamu, si inningi tisa. Kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono, wale waliolipa ada tu.