Kwa vijana wa Pumwani na Eastleigh: waliokufa Agosti 7 walikuwa nani

Wanangu na wajukuu zangu, assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia nyote, na hasa wale wachache ambao nimesikia wanaonyeshwa video kwenye simu usiku na kuambiwa kwamba kulipua bomu katikati ya mji ni kuwalipia Waislamu kisasi. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 1998. Mimi nilikuwepo, na nina deni la kuwaeleza nilichokiona kabla sijaitwa na Mola wangu.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti mwaka huo nilikuwa na chumba cha kushonea nguo, ghorofa ya pili, upande wa Moi Avenue, mwendo wa dakika chache kutoka ubalozi wa Marekani uliokuwa pembeni mwa Haile Selassie Avenue. Ilipita saa nne na nusu asubuhi kidogo tu. Tulisikia kwanza mshindo mdogo, ambao baadaye ilijulikana kuwa ni wa guruneti, na kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi, mwenye umri wa miaka 19, akaacha ukosi wa shati chini ya sindano, akaenda dirishani kutazama. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nikiokota chaki iliyoniponyoka. Mshindo wa pili ulipokuja, wa bomu lenyewe pale ubalozini, dirisha zima liliingia ndani. Nilipoinuka, kijana alikuwa amekaa sakafuni ameziba uso kwa viganja vyote viwili, na damu ikimpita kati ya vidole, akiniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini nimezima taa.

Hakuwa peke yake. Katika maofisi yote ya jirani watu walikimbilia madirishani kwa ule mshindo wa kwanza, na ndiyo sababu Nairobi ilipata vipofu wengi kwa asubuhi moja. Jumba la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka lote likawa kifusi, na ndani yake mlikuwa na makarani na wanafunzi wa ukatibu waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Abiria wa basi lililokuwa likipita barabarani walifia vitini mwao. Watu walichimba kwa mikono kabla ya mashine kufika.

Sasa hesabuni pamoja nami. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani nao ulilipuliwa asubuhi ileile kwa tofauti ya dakika chache, walikufa watu 11, na hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Waliotega bomu walisema wanaipiga Marekani, lakini waliozikwa ni wachuuzi, makarani, madereva na wapita njia, Wakristo na Waislamu. Mkidhani lile lilikuwa kosa la mara moja, tazameni Kampala tarehe 11 Julai 2010, walipouawa watu zaidi ya 70 waliokuwa wamekaa kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Tazameni Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017, lori lilipolipuka kwenye njia panda ya Zoobe na kuua watu zaidi ya 500, karibu wote Waislamu, katika mji wa Waislamu. Nani alilipiziwa kisasi siku ile?

Katika Surat Al-An'am, aya ya 164, Mwenyezi Mungu anasema kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aya hii mmeihifadhi madrasa, wengine mkiwa na miaka sita. Serikali ikikosa, mzigo ni wa serikali. Msichana aliyekwenda kujifunza taipu habebeshwi.

Sitawadanganya kwamba hamna kinyongo cha haki. Novemba 2012, bomu lilipolipuka ndani ya matatu hapa Eastleigh, kulikuwa na watu waliowageukia majirani zao Wasomali wakavunja maduka na kuwapiga mawe, kana kwamba jina au sura ya mtu ni ushahidi. Aprili 2014 maelfu walikamatwa mitaani mwetu, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wazee na akina mama wenye watoto wachanga wakiwemo. Lile pia lilikuwa kumbebesha mtu mzigo usio wake, na nililisema hadharani wakati ule kama ninavyolisema leo. Lakini anayekuja kwenu usiku na video huutumia uchungu huo kama mvuvi anavyotumia chambo: hakuleteeni wakili, hamtafutii ndugu yenu aliyepotea, wala hampi mama yenu pole. Anachotaka ni mwili wenu.

Njia zake nimezijua kwa kukaa na wazazi walioachwa. Huanza kwa kukutenga na rafiki zako wa mpira, kisha hukwambia imamu wa mtaa ameuzwa, kisha huja na habari ya kazi yenye mshahara mzuri kuvuka mpaka, nauli mkononi, kwa sharti kwamba mama asijue. Mkifika hapo kwenye sharti, simameni. Mwambieni mama usiku huohuo. Mkiogopa kwenda kwa askari, na naielewa hofu hiyo, njooni kwangu au kwa imamu, twende pamoja na wakili. Na mkipewa begi msilolijua mlipeleke mjini, liacheni na mkimbie mkipiga kelele.

Mimi huwa nyumbani kila siku baada ya alasiri. Yule mwanafunzi wangu naye huwepo. Bado anashona vifungo na kupiga lisani kwa kupapasa, na nyuzi zake huziweka katika mikebe aliyoifunga kamba, fundo moja ni nyeupe, mawili ni nyeusi, matatu ni buluu ya sare za shule. Akiulizwa habari za siku ile hukubali kujibu. Anayeamini kwamba bomu lile lilikuwa la haki, na aje amketie karibu amweleze yeye.