Barua kutoka Trieste: njia ya reli ya zamani kwa baiskeli

Trieste, 12 Mei

Ndugu yangu Hamza,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba Mama Rukia amepata nafuu na kwamba ombi lako la mafunzo ya Septemba limekubaliwa. Mfikishie salamu zangu pamoja na watoto. Leo nakusudia kujibu lile swali lako, kama ukija huku Septemba tutaweza kuendesha baiskeli bila hofu ya magari, kwa sababu jinsi ulivyoliuliza inaonyesha kwamba bado unawaza barabara ya lami, malori yanayokupumulia kisogoni na basi linalokupigia honi ili ukimbilie mtaroni.

Huku kuna njia iitwayo Parenzana. Zamani ilikuwa reli nyembamba ya Dola ya Austria na Hungaria, yenye upana wa milimita 760 tu, iliyotoka hapa Trieste, Italia, hadi mji wa Poreč ulioko Kroatia ya leo, ambao kwa Kiitaliano huitwa Parenzo. Kipande cha kwanza, mpaka Buje, kilifunguliwa mwezi wa Aprili 1902, na kilichobaki kikafuata Desemba ya mwaka uleule, jumla yake kilomita 123. Treni zake zilibeba divai, mafuta ya zeituni, chumvi, samaki na mawe ya kujengea, na zilikwenda polepole mno, hata ikawa desturi ya watu kutania kwamba abiria angeweza kushuka, akachuma zabibu, kisha akapanda tena behewa lake bila kukimbia. Mwaka 1935 serikali ya Italia, iliyokuwa ikiitawala rasi ya Istria, ambako njia hii inapita, wakati huo, iliifunga njia hiyo na vyuma vikang'olewa. Wenyeji husimulia kwamba vilipakiwa melini kupelekwa Uhabeshi kwa ajili ya vita vya Mussolini, na kwamba meli ilizama katika Bahari ya Kati kabla ya kufika. Ni masimulizi, lakini mtu wa Istria hakosi kukusimulia akijua kwamba umetoka Afrika.

Kilichobaki ni tuta la reli, madaraja ya matao, mahandaki na mawe ya kuhesabia kilomita, na katika miaka ya 2000 njia ikafufuliwa kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu. Hapo ndipo faida yake inapoanzia. Treni ile haikuweza kupanda mlima mkali. Wahandisi waliilazimisha izunguke vilima, ikikunja kona baada ya kona, ili mwinuko usizidi mita 3 kwa kila mita 100. Kwa hiyo, watu wa makamo kama sisi, ambao magoti yameshaanza kulalamika, tunapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 293, karibu na mji mdogo wa Grožnjan, bila kushuka kusukuma baiskeli hata mara moja. Unachagua gia nyepesi, unakanyaga kwa mwendo wa kuzungumza, na mlima unaupanda bila kujua. Hakuna mpango wa barabara za baiskeli ulioweza kuwaza vizuri kuliko walivyowaza wajenzi wa reli ambao baiskeli haikuwamo akilini mwao kabisa.

Sasa nikupe maoni yangu ambayo waandishi wa vijitabu vya utalii hawatayapenda. Wao husifu sehemu ya pwani, kutoka Muggia hadi Koper, Izola na Portorož huko Slovenia, kwa kuwa bahari iko kando yako karibu muda wote. Ni kweli bahari inapendeza, lakini sehemu kubwa ya njia hiyo ni lami, na siku za joto hujaa familia zenye vigari vya watoto, mbwa na aiskrimu, hata unakwenda kwa breki kuliko kwa miguu. Ipite asubuhi na mapema, ufurahie handaki la Valeta lenye urefu wa zaidi ya mita 500, kisha simama kwenye mashamba ya chumvi ya Sečovlje, ambako maji ya bahari bado yanakaushwa kwa jua katika majaruba na chumvi inakusanywa kwa mkono, kama inavyofanyika huko kwetu Tanga. Baada ya hapo, usiichelewe Kroatia.

Ukishavuka mpaka na kuanza kupanda kuelekea Buje, lami unaiacha na changarawe inaanza: kokoto nyeupe za mawe ya chokaa juu ya udongo mwekundu ambao mtu wa Muheza hatauona mgeni. Pembeni ni mizeituni na mizabibu. Baada ya Grožnjan njia inateremka taratibu kando ya kilima, ikipita Završje na Oprtalj, hadi Livade katika bonde la mto Mirna, na ng'ambo ya bonde unauona mji wa Motovun umekaa juu ya kilima chake peke yake. Misitu ya mialoni ya bonde hilo ndiyo inayotoa ule uyoga wa chini ya ardhi ambao mbwa hufunzwa kuunusa, na bei yake ni ya kukutia homa. Hata hivyo sahani ya tambi iliyokunwa uyoga huo kidogo tu juu yake tunaweza kuimudu. Divai tutawaachia wenyewe.

Nisikudanganye kwamba njia haina chombo chochote cha moto. Hukatiza barabara za magari mahali kadhaa, na vipande vingine hutumiwa na wenye mashamba. Safari moja karibu na Grožnjan nilikutana na mzee juu ya trekta lililojaa makasha ya zabibu, na njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mmoja wetu ilimpasa asimame. Yeye ndiye aliyezima injini, akaninyooshea mkono nipite. Katika ule ukimya nilisikia kila kokoto iliyorushwa na tairi langu ikigonga chuma cha baiskeli. Huko Tanga, tangu uliposukumwa na daladala ukaacha kuendesha, hukuwahi kuniambia kwamba umeichoka baiskeli yenyewe. Ulichoka kutegea masikio kilicho nyuma yako. Parenzana inakuondolea kazi hiyo moja, na mengine yote yanajitokeza yenyewe: tunaweza kwenda sambamba tukizungumza, na tukasimama juu ya daraja kwa muda tutakao.

Kuhusu kifaa, usibebe ile baiskeli yako ya mbio. Matairi yake membamba yatakutesa, na kokoto zenye makali zitayachana ubavuni. Nitakukodishia hapa baiskeli yenye matairi ya milimita 40 au zaidi. Usiyajaze upepo mpaka yawe magumu kama jiwe. Tairi pana lenye upepo wa wastani humeza mtikisiko na hushika ardhi vizuri zaidi. Kwenye mteremko wenye kokoto za kulegea, shika usukani bila kuukaza, punguza mwendo kabla ya kona, na usiibane breki ya mbele ukiwa tayari umeinama. Leta tochi kwa ajili ya mahandaki na koti jepesi, kwani hewa ya ndani ni baridi hata adhuhuri. Pasipoti usiiache: tutapita nchi tatu, na ingawa Kroatia iliingia mwaka 2023 katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao, na viza yako inatosha, polisi husimamisha watu mipakani mara kwa mara. Ule upepo mkali wa baridi ambao huku huitwa "bora", uliopindua treni ya njia hii karibu na Muggia mwaka 1910 na kuua watu, huvuma zaidi majira ya baridi. Septemba kwa kawaida ni shwari. Napendekeza siku mbili, tulale Motovun, na kutoka Poreč turudi kwa gari la kukodi.

Kabla hujaja, nifanyie jambo moja. Waulize wazee wa Muheza tuta la reli ndogo ya Sigi, ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni ili kushusha mbao za misitu ya Amani, linapita wapi leo, na kama njia za troli za mashamba ya mkonge bado zinapitika kwa baiskeli. Nina hamu ya kulizungumza hilo tukiwa juu ya tuta lenzake.

Tena unipimie urefu wa mguu wako kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi kisigino, ukiwa umesimama pekupeku ukutani, kwani mwenye duka la kukodisha anataka kipimo hicho kabla ya mwisho wa Julai.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Mbwana