Mheshimiwa Mwakilishi, eka zetu ulizijua kabla ya jimbo

Mheshimiwa, assalaam aleikum.

Ni mimi yule mama wa eka tatu, uliyenisimamia bure Mahkama ya Ardhi kabla hujawa hata diwani. Siku ya kuja kukagua mpaka, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ulipiga magoti kwenye tope, ukaipapasa bikoni, lile jiwe la mpaka, kwa mkono wako, ukamwita sheha, mkubwa wa mtaa wetu: "Njoo utazame, hili limehamishwa, udongo wake bado mbichi." Wakili mzima, suruali imeroa! Ndipo nilipoamini kuwa hata mimi nisiyejua kusoma vizuri nina sheria yangu.

Kwa goti lile tulikupa udiwani, na kwa goti lile tukakupeleka Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Chama kilikuja baadaye.

Eka hizi wazee wetu walipewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Sheria ya 1992 imesema ardhi ni mali ya umma, sisi tuna haki ya kuitumia, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi unaanza mzee akishafariki. Wanatokea ndugu wa mbali, anatokea jirani, na siku hizi anatokea na mwenye fedha zake anayetaka kujenga. Mjane anakwenda mahkamani na buibui lake na karatasi moja iliyoliwa na mchwa. Mwenzake kafuatana na wakili. Baraza lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria 2018. Katika shehia yetu sijamuona aliyekuja nao.

Nafuata vikao redioni. Nimekusikia ukisema barabara, ukisema taa, na Mwenyezi Mungu akulipe. Eka hujazitaja hata mara moja, na mle ndani sidhani kama yupo anayezijua kukushinda wewe.

Namkumbuka Othman Masoud. Oktoba 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wetu, akasimama Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma akapiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara za katiba mpya iliyopendekezwa, na cheo kikamtoka. Machi 2021 aliapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Sikutaki ugombane na wakubwa wako, mwanangu. Nataka uulize swali moja tu kikaoni: msaada ule wa kisheria utafika lini mashamba?

Binti wa jirani yangu ana kesi ya mpaka mwezi ujao, na wakili hana. Bikoni yake nayo imeng'olewa.