Barua ya wazi kwa wanakwaya wetu: dhambi ina jina, na rehema inatangulia

Wanakwaya wangu, watoto na wajukuu, Bwana Yesu asifiwe.

Najua wengine mtasema babu kaanza tena, haya, nimeanza. Hii barua naiandika wazi kwa sababu mambo ya hela za sare za kwaya zilizopotea mmeshayasema wazi, barabarani, kwenye daladala, kwenye meseji, sasa na mimi mzee wenu wa kanisa naona nisiwaite mmoja mmoja kunong'onezana.

Kuna maneno mawili nayasikia sana kwenu siku hizi. La kwanza ni "hakuna mkamilifu babu". La pili mnalisema kwa sauti ya chini, mara nyingi jioni na mkiwa peke yenu, "mzee mimi nishaharibu, kwangu mimi haiwezekani tena". Mnadhani ni maneno tofauti, ila mimi naona yote mawili yanamsaidia mtu asiende kwa Yesu, moja kwa kujiona yupo sawa na wengine na lingine kwa kujiona amepitiliza.

Hakuna mkamilifu ni kweli, Paulo kaandika kwa Warumi kwamba wote wamefanya dhambi na kupungukiwa na utukufu wa Mungu. Lakini Paulo hakuandika ile "wote" ili mtu ajifiche humo, maana dhambi ikishakuwa ya wote inakuwa haina mwenyewe. Angalieni tunavyosoma ungamo Jumapili, mbio mbio, tumekosa kwa mawazo kwa maneno kwa matendo, amina, tukae. Muulize mtu umekosa nini hasa wiki hii, anakutolea macho. Mfalme Daudi naye aliposikia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake alikasirika vizuri tu, yani dhambi kwa ujumla aliichukia, mpaka nabii Nathani alipomwambia "Wewe ndiwe mtu huyo". Hapo ndipo pana Bathsheba, mke wa mtu aliyemchukua, na pana Uria mume wake, aliyekufa vitani kwa barua ya Daudi aliyoibeba mwenyewe. Toba ilianzia hapo, kwenye majina.

Na hili nalo niliseme, tusameheane na watakaokwazika. Siku hizi kila kitu ni pepo. Mtu kazini anapiga dili, pepo la tamaa. Kaka ana michepuko mitatu, ni laana ya ukoo, babu yake alikuwa na wake sita. Afu anaenda kununua mafuta na chumvi kwa nabii, anaombewa anaanguka, anainuka, na ile michepuko bado ipo kwenye simu. Shetani yupo, sikatai, ila Adamu pia alisema "huyo mwanamke uliyenipa", na mwanamke akasema nyoka, na wote wawili walifukuzwa bustanini. Wayahudi uhamishoni walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu kwa kinywa cha Ezekieli akawaambia hiyo methali muiache, roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Pepo hukemewa, dhambi hutubiwa, ukikemea kinachotakiwa kutubiwa unachoka bure na hela yako inaliwa.

Sisi watu wa Kagera hatuna sababu ya kutojua haya. Uamsho, ile harakati ya kuungama dhambi na kuokoka, ulioanzia Gahini kule Rwanda, kando ya ziwa Muhazi, kwenye hospitali ya misheni alikokuwa yule daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Blasio Kigozi, mdogo wake Simeoni Nsibambi, uliingia huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Askofu Josiah Kibira, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa Uamsho. Marehemu mama yangu naye alikuwa wa Uamsho, na ninachokumbuka sio kuimba kwao, ni kurudisha. Watu walirudisha majembe, misumari ya misheni, wengine walienda ofisini kwa serikali wakalipe kodi waliyokwepa mpaka karani anashindwa aiandike wapi. Mama alimfuata jirani kumlipa kuku ambaye jirani mwenyewe alishamsahau, na jirani akasema we mama nilidhani alibebwa na mwewe, wakacheka, lakini ile noti aliipokea. Kutembea nuruni kwao kulikuwa hivyo.

Walikuwa na kasoro zao pia. Wapo waliosimama kuungama na kumtaja mwanamke mbele ya mume wake, hayo sio mazuri, dhambi yenye mtu mwingine ndani yake peleka kwa mchungaji faragha, usijisafishe kwa kumchafua mwenzio. Na msijidanganye kwamba kuzaliwa kwenye nyumba ya walokole, watu wa Uamsho, ni chanjo. Ni Rwanda hiyohiyo, mwaka 1994, ndani ya siku kama 100, walikouawa watu wanaokadiriwa laki nane, wengi wakafia ndani ya makanisa walikokimbilia, na waliowaua walikuwa wamebatizwa. Nikilisikia hilo huwa sisemi "wale watu". Ninajiangalia mimi. Mafundisho ya kanisa kuhusu dhambi yanasema uovu unaweza kuota kwenye moyo wowote, wangu na wa mchungaji na wa soprano anayeimba akilia.

Sasa tumaini liko wapi. Someni Luka 19, msome polepole. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, kapanda mkuyu pale Yeriko. Watu tunapenda mwisho, nusu ya mali kwa maskini na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne, wakati torati kwa mtu aliyekiri mwenyewe ilidai arudishe na kuongeza sehemu ya tano tu. Lakini angalieni nini kilitangulia. Yesu alisema "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako" kabla senti moja haijatoka. Angengoja hesabu zifungwe kwanza, Zakayo angebaki juu ya mti mpaka leo. Rehema iliingia kwanza nyumbani, ndipo pesa zikatoka nje. Wokovu ni bure kabisa, na ukishaingia unaanza kugusa mifuko. Asiyerudisha sina hakika alimkaribisha nani.

Mshaelewa ninakokwenda. Hela za sare ziliishia kwenye mikeka ya kubeti, na mwenzenu aliyezishika haonekani kanisani toka Pasaka. Simtaji, na nyie mliokuwa mnamtaja acheni.

Kwako wewe mwanangu, najua unasoma. Usiku ule wa Alhamisi walikosa wawili. Petro alimkana Bwana kwa kuapa, Yuda alimuuza. Cha kushangaza, Yuda ndiye aliyerudisha hela! Mathayo 27, alijuta, akarudisha vipande vyote thelathini, akakiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Tatizo alivipeleka kwa wale makuhani, na wao wakamjibu "haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe". Akatoka peke yake, na mwisho wake mnaujua. Petro hakuwa na cha kurudisha, alilia tu, lakini alibaki karibu na wenzake, na Bwana alipofufuka akamkuta ziwani na wenzake hao, akawawashia moto, akawapa samaki na mkate, ndipo akamuuliza wanipenda, mara tatu, na lilimchoma. Kwa hiyo usikae huko ukingoja hela itimie ndio uje. Na usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili uje mikono imejaa, utakuwa umeongeza dhambi nyingine na riba juu. Mwizi pale msalabani hakuwa na muda wa kurudisha chochote na aliahidiwa kuwa peponi na Bwana siku ileile.

Na nyie wengine, mkiniuliza mimi, ishu kubwa sasa hivi ni nyie. Yuda alikutana na watu wa dini wakamwambia jiangalie mwenyewe. Msije mkawa hao. Lakini pia sisemi tufunike. Hela ilichangwa na watu, wengine mama ntilie, lazima ilipwe, tutakaa naye tupange kidogo kidogo na itaandikwa kwenye daftari, na kushika hela hatashika tena kwa muda mrefu, huo ni ulinzi wake sio adhabu. Na kama siku moja kosa ni la kumuumiza mtoto au kumwingilia mtu kwa nguvu, hapo msiniite mimi kuja kusuluhisha kwa maombi, nendeni polisi kwanza, msamaha wa Mungu haufuti kesi, na aliyetubu kweli hataikimbia.

Nimeongea na mchungaji na mweka hazina, wote wamekubali. Jumamosi hii mazoezi saa kumi, mimi nitakuwepo toka saa tisa pale chini ya mwembe wa ofisi. Anayetaka kuja kuniona aje, hata mwenye lake lisilohusu sare. Akiingia mwenzenu kwenye mazoezi mtu asinyamaze ghafla wala asianze mapambio ya kumpokea kama mgeni, mwalimu aendelee na pale mlipofikia, na besi wasogee wampishe nafasi.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa.