Bloku bado haijachongwa: nifanye ovahoo, niagize injini iliyojengwa upya kiwandani, au nichukue nusu injini mpya?

Kwa mhariri na mafundi mnaosoma ukurasa huu,

Salaam. Naomba ushauri kabla ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) kupelekwa kuchongwa, yaani silinda kupanuliwa, kwa sababu hatua hiyo hairudi nyuma na inafunga mlango mmoja kati ya mitatu niliyo nayo. Naeleza hali kwa vipimo ili asiye karibu na gari aweze kushauri.

Injini ni ya petroli, silinda nne, lita 2.0, haina tabo. Kipenyo cha silinda kiwandani ni 86.00 mm. Imetembea kilomita 268,000. Ilikuwa ikila lita moja ya oili kila kilomita 1,200 hivi, na moshi wa buluu ukitoka gari likivuta mzigo. Baadaye ikaanza kunoki: mlio mzito kutoka chini, unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta. Kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, ilipimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na throto imefunguliwa kabisa: baa 12.1, 11.8, 8.2 na 11.9. Silinda ya tatu ilipotiwa kijiko kimoja cha oili ikapanda hadi 10.9, kwa hiyo upepo mwingi unapitia kwenye ringi za pistoni, si kwenye valvu. Presha ya oili kwa geji ya mkono ilikuwa baa 0.5 injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na 1.5 kwa mizunguko 3,000. Kipimo kinachozoeleka ni baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, hivyo ilipaswa kukaribia 2.1.

Baada ya kufunguliwa, silinda ya tatu imelika hadi 86.19 mm juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, na 86.03 chini. Pia ina umbo la yai la 0.06. Nyingine tatu hazizidi 86.07. Shingo ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inayobeba konrodi namba tatu (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ina mikwaruzo inayoshika ukucha. Beringi yake ilizunguka mahali pake, na jicho kubwa la konrodi hiyo limegeuka buluu kwa joto. Hedi, kifuniko cha juu chenye valvu, ikiwekewa rula ya chuma inaonyesha uwazi wa 0.08 mm, wakati kikomo cha injini hii ni 0.05. Imepimwa kwa presha, haina ufa.

Chanzo nacho kimeonekana. Chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limezibwa karibu nusu na vipande vya silikoni. Aliyewahi kufunga sampu aliipaka kama siagi kwenye mkate. Iliyozidi ilibanwa ndani, ikakatika, ikaenda kwenye chujio. Nalitaja hili kwa sababu anayebadili injini bila kujua kilichoua ya kwanza huweza kuiua ya pili kwa njia ileile.

Njia ya kwanza ni ovahoo. (Neno hili siku hizi ni kapu la kila kitu, kuna anayebadili ringi na gasketi akaliita ovahoo. Mimi nasema ile ya kweli: injini kufunguliwa yote, kupimwa na kurudishwa kwenye vipimo.) Silinda zote nne zingechongwa hadi 86.50, kwa kuwa 86.25 haiachi nyama ya kutosha kufuta ulaji wa ile ya tatu. Najua pistoni hutangulia na kuchonga hufuata: kila pistoni hupimwa, kisha silinda yake huchongwa kwa kuacha nafasi anayotaka mtengenezaji wa pistoni hiyo. Kazi ya mwisho ya kupiga mistari ya msalaba ingefanywa bloku ikiwa imefungiwa sahani nzito mahali pa hedi, kwa sababu bolti zikikazwa silinda hupinda kidogo. Ringi ya kwanza ingeachwa uwazi usiopungua 0.35 mm mwishoni, maana ncha zikigusana kwa joto hukwaruza silinda au ringi ikavunjika. Konrodi moja ingenunuliwa na kulinganishwa uzito na zile tatu, pamoja na bolti mpya za konrodi na za hedi, kwani ni za aina inayovutika na hazikazwi mara mbili.

Shida yangu ni krenki. Ingesagwa kutoka 48.00 hadi 47.75 na kuwekewa beringi za saizi hiyo. Lakini krenki nyingi zimekazwa uso kwa joto na kemikali, na tabaka gumu la baadhi yake ni jembamba. Ukilisaga bila kulirudisha, shingo inabaki laini na beringi haidumu. Tena pembe ya mviringo pale shingo inapokutana na ubavu isipoachwa kama ilivyokuwa, krenki hukatikia hapohapo. Mchongaji anasema "itafaa". Nilipomuuliza ugumu atapima kwa nini, hakuwa na jibu. Krenki mpya ipo, ila ikiongezwa, gharama yote ya ovahoo inafika karibu robo tatu ya bei ya injini iliyojengwa upya kiwandani.

Hedi ingesagwa pia. Hapo nina wasiwasi mdogo: hedi iliyopinda chini mara nyingi imepinda na juu, kwenye njia ya kemshafti, mhimili unaofungua valvu. Nitajua kemshafti ikifungwa bila valvu na kuzungushwa kwa mkono; ikikwama, kusaga uso wa chini peke yake ni kuficha ugonjwa.

Njia ya pili ni hiyo iliyojengwa upya kiwandani. Faida yake naiona: kila kitu hupimwa, sehemu kadhaa hubadilishwa kwa kanuni hata kama bado zinaonekana nzima, injini hujaribiwa kabla ya kutoka, na dhamana ni ya miezi 12, ikihusisha vipuri na kazi ya kufunga. Dhamana ya karakana kwa ovahoo ni miezi mitatu na haigusi gharama ya kushusha injini tena.

Kinachonifunga ni amana ya injini ya zamani, yaani pesa ninayoiweka na kurudishiwa nikimpa muuzaji injini yangu. Muuzaji anataka arudishiwe ikiwa kamili: bloku, krenki, konrodi zote na hedi, hata kama imefunguliwa. Konrodi iliyoungua itapunguza amana kidogo. Bloku iliyokwisha kuchongwa haitapokelewa kabisa. Ndiyo maana siwezi kusema nijaribu ovahoo kwanza, ikishindikana niagize. Silinda zikiguswa tu, amana imekwenda, nayo ni kama sehemu moja ya tano ya bei.

Njia ya tatu ni mpya. Injini kamili mpya ya toleo hili haitengenezwi tena. Iliyobaki ni nusu injini, yaani bloku ikiwa na krenki, konrodi na pistoni bila hedi. Sehemu ya chini ingekuwa safi kabisa, lakini ingevaa hedi ileile yenye kilomita 268,000. Nasikia kompresheni mpya chini huonyesha udhaifu wa valvu na gaidi zake (mirija inayoziongoza) juu, oili ikaendelea kuliwa. Bei yake bila kazi ya hedi tayari imeipita ya injini iliyojengwa upya.

Ya mtumba nimeiweka pembeni. Huwezi kuiona ndani, na aghalabu kilomita zake ni maneno ya muuzaji.

Kwa njia yoyote, nimepanga kubadili kipoza oili badala ya kukisafisha, maana chembe za beringi hujificha ndani yake na hakuna dawa inayozitoa zote. Pampu ya oili, termostati, pampu ya maji na valvu ya kupumulia ya krenkikesi zitakuwa mpya. Rejeta itapimwa mtiririko. Oili ya kwanza itamwagwa baada ya kilomita 1,000, na chujio kukatwa kuangalia chembe. Gia boksi ni nzima, bodi haina kutu ya maana, na gari linatakiwa litembee miaka mitano au zaidi kwa kilomita 20,000 kila mwaka.

Maswali yangu kwa wajuzi:

Je, kuna aliyesaga krenki ya namna hii kwa 0.25 ikatembea zaidi ya kilomita 80,000, na ugumu wa uso ulipimwaje kabla na baada? Kwa tofauti ya robo moja ya bei, mngekubali ovahoo yenye krenki mpya au mngelipa ile ya kiwandani? Na kwa waliowahi kudai dhamana ya injini iliyojengwa upya: ni karatasi zipi mliombwa? Nimeambiwa risiti ya kipoza oili na ya kusafisha rejeta ni lazima, lakini sijaliona sharti hilo kwenye fomu ya dhamana.

Mchongaji ameniwekea nafasi wiki ijayo. Hadi hapo bloku itabaki imefunikwa na kupakwa oili.

Wenu msomaji,
Mwenye gari