Soketi Moja Sebuleni, Kompyuta Nne: Inawezekana?

Wanaotuuliza hivi sisi mafundi umeme wengi ni watu wanaofungua stationari kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Chumba kina soketi moja, nao wanataka kuweka kompyuta nne, printa na mashine ya kulamineti. Jibu letu huwashangaza: kompyuta nne zinakaa bila shida. Soketi zinazoungua, zile tunazoitwa kubadilisha, huwa zimeunguzwa na vitu vingine vilivyochomekwa pembeni ya kompyuta.

Tupige hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Ukizidisha unapata wati 2,990. Hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kupita kwenye plagi moja, iwe inalisha kifaa kimoja au kumi. Chaja ya laptopu ni wati 45 hadi 65. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisi, pamoja na monita yake, kwa kawaida inakula kati ya wati 100 na 150. Kwa hiyo nne hazifiki hata 700. Ya gemu yenye kadi kubwa ya picha ni habari nyingine, hiyo peke yake inaweza kufika 400 au 500 vijana wakikolea.

Sasa angalia birika la umeme: wati 2,000 na kuendelea. Pasi inapita 1,000. Printa ya leza inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache kila inapojipasha moto, halafu inatulia, ndiyo maana taa zinafifia kidogo karatasi ya kwanza inapotoka. Mashine ya kulamineti nayo kazi yake ni joto. Kwa hiyo sharti letu kwa mteja ni moja: kitu chochote kinachotoa joto kisikae kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Chai ichemkie jikoni.

Baada ya hapo tunaangalia ekstensheni yenyewe, na hapa ndipo pesa ndogo inapoleta hasara kubwa. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wake. Ukikuta 3 x 1.5 au 3 x 1.25, chukua. Namba ya kwanza ni idadi ya nyaya za ndani na ya pili ni unene wake kwa milimita za mraba. Waya wa 0.75 unafaa kwa ampia 6 tu, yaani wati 1,400 hivi, hata kama kichwa chake kina matundu manane na taa za rangi. Ukikuta 2 mahali pa 3, hiyo haina waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Tumeshafungua ekstensheni zenye matundu matatu mazuri kabisa, ndani nyaya mbili. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, na usiuache waya umeviringishwa au umelala chini ya zulia, maana joto lake halitakuwa na pa kutokea.

Suala la ethi tunalisisitiza kuliko wateja wengi wanavyotarajia. Umewahi kugusa kasha la CPU ukiwa pekupeku sakafuni, ukahisi linakuwasha vidoleni? Wengi wanadhani kompyuta ni mbovu. Mara nyingi ni nzima. Ndani ya pawasaplai, yaani kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, mna kichujio cha kusafisha umeme, na kwa jinsi kilivyotengenezwa kinavujisha umeme kidogo sana kuelekea ardhini. Waya wa ethi ukiwepo, umeme huo unapita kimya kimya. Usipokuwepo, unabaki kwenye bati ukisubiri mkono wako. Ukichomeka kompyuta nne kwenye ekstensheni isiyofika ethi, makasha yote yanakuwa yameunganishwa pamoja na uvujaji wao unajumlishwa.

Chanzo kingine cha kukosa ethi ni kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, zinazokuja na plagi ya pini mbili za duara. Watu wanachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi iingie. Inaingia kweli, lakini haina ethi, tena imelegea, na mahali palipolegea ndipo panapotoa cheche na kuyeyusha plastiki. Waya wa pawa wa kompyuta ya mezani unachomoka kwa nyuma, kwa hiyo nunua mwingine wenye plagi ya pini tatu na tatizo limekwisha. Nyumba yenyewe pia inahitaji kukaguliwa: kuna nyumba tunazofika tukakuta waya wa shaba unaokwenda kwenye nondo ya ethi nje umekatwa, nadhani umeshauzwa kwa kilo.

Breka ikishuka mara kwa mara, tafadhali usimruhusu mtu akuwekee kubwa zaidi. Breka inalinda waya ulio ukutani. Ukitoa ya ampia 20 ukaweka 32 kwenye waya uleule, haitashuka tena, ila waya ndio utakaochemka, na huo huuoni.

Umeme ukikatika, zima kompyuta zote kwenye soketi. Ukirudi subiri dakika chache, kisha washa moja moja, kwa sababu kila pawasaplai inavuta kwa nguvu inapoanza. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya 650 VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, kwa hiyo ihesabie kompyuta mbili za ofisi kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza usiichomeke humo kabisa.

Kama biashara imeshika, suluhisho letu ni laini mpya: waya wa 2.5 wenye ethi kutoka kwenye meinswichi, breka yake ya ampia 20, na soketi pacha mbili au tatu. Kwenye nyumba ya kupanga tunaupitisha kwenye bomba za plastiki juu ya ukuta ili mwenye nyumba asilalamikie plasta. Zungumza naye kwanza, na yeyote utakayempa kazi hiyo, hata kama si sisi, awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Kabla hujatupigia, tusaidie hivi. Mchana, kompyuta zikiwa zimezimwa, shusha breka moja moja na uandike ni vyumba gani vinakosa umeme kwa kila moja. Piga picha ya meinswichi ikiwa imefungwa (usifungue kifuniko) na picha ya kibandiko cha wati nyuma ya kila kifaa. Tukipata hivyo kwa WhatsApp tunakupa makadirio ya waya na soketi bila kukutoza safari ya fundi.